Simu Iwaambie Nini Marafiki Zako

Programu nyingi zinazochanganya mtandao wa kijamii na vihisi vya simu huanza na ramani. Nukta za marafiki zinatembea barabarani, wiki ya kwanza kila mtu anafurahia, kisha betri zinaanza kuisha mchana na watu wanazima ruhusa ya mahali mmoja baada ya mwingine. Tatizo liko kwenye kile kinachotumwa. Rafiki hana kazi na latitudo yako. Anachotaka kujua ni kama unaweza kupokea simu sasa hivi, kama umeshafika, kama uko karibu kiasi cha kuonana. Kwa hiyo simu ifanye hesabu zake ndani kwa ndani, ipate jibu, na jibu hilo ndilo liende kwa watu. Data ghafi ibaki kwenye simu ilikozaliwa.

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko simu janja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, maabara ya Olivetti mjini Cambridge ilikuwa na beji ya kuvaa iliyotoa mwale wa infraredi kila baada ya sekunde 15 hivi, ili mpokea simu wa ofisini ajue aelekeze simu chumba gani. Wakati huohuo Mark Weiser wa Xerox PARC, kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, alikuwa akieleza kompyuta zitakazotapakaa kila mahali mpaka watu wasizione tena. Mwaka 1998 Wajapani walikuwa na Lovegety, kidude cha kubeba kilicholia ukikaribiana na mwenye kidude aliyechagua kitu kilekile. Dodgeball, iliyoanza mwaka 2000, ilitumia ujumbe mfupi kuwaambia marafiki uko baa gani. Google iliinunua mwaka 2005 na kuifunga 2009. Halafu mwaka 2008 watafiti wa chuo cha Dartmouth walitoa CenceMe: simu ya Nokia N95 ilitambua kama mtu amekaa, anatembea au yuko kwenye mazungumzo, na kuweka hali hiyo Facebook bila mtu kuandika chochote. Kila kitu tunachojenga leo kilikuwa tayari mle. Kilichobadilika ni kwamba mifumo ya simu sasa ni mikali zaidi kuhusu betri na ruhusa, na ukali huo ndio unaoamua programu yako itaishi au itakufa.

Umbo la hali

Kabla ya kugusa kihisi chochote, amua hali moja itaandikwaje. Napendelea rekodi fupi kama hii:

mtu: A
hali: yuko njiani
uhakika: 0.8
chanzo: kihisi cha mwendo
imeanza: 14:32
inaisha: 14:42
waone: familia

Sehemu inayosahauliwa kuliko zote ni "inaisha". Bila hiyo, simu ikizimika saa 9 alasiri mtu "yuko kwenye mkutano" mpaka kesho yake, na marafiki wakidanganywa mara mbili hawaiamini tena programu. Muda wa kuisha utofautiane kwa aina ya hali. Kwa kuanzia: ukaribu wa mtu na mtu dakika 5, mwendo dakika 10, mahali dakika 30, na hali aliyoandika mtu mwenyewe saa 4. Simu ikiwa hai, inairefusha hali kabla haijaisha. Ikifa, hali inafutika yenyewe bila seva kufanya kazi yoyote ya ziada.

Hali aliyoandika mtu mwenyewe ishinde kihisi mpaka iishe. Kihisi kishinde kalenda, maana kalenda inajua ulichopanga tu. Kalenda ikisema mkutano na mwendo ukisema gari, chukua gari. Na uhakika, hiyo 0.8, usiuonyeshe kwa watu kabisa. Hakuna anayejua afanye nini na "asilimia 80 yuko njiani". Utumie kuamua kama useme au unyamaze: chini ya 0.6 hali isitumwe, na rafiki aone "haijulikani".

Ukaribu kwa Bluetooth

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kujua kwamba watu wawili wako pamoja kuna thamani kubwa kwa mtandao wa kijamii kuliko kujua wako wapi, na Bluetooth ya matumizi madogo ya umeme, yaani BLE, ndiyo njia ambayo karibu kila simu inayo. Simu moja inatangaza kipande kifupi cha data kwenye chaneli tatu, 37, 38 na 39, na nyingine inasikiliza.

Kutangaza kunakula umeme kidogo sana. Kusikiliza ndiko kunakokula. Watu hufanya kinyume: wanatangaza mara chache na kusikiliza muda wote. Kwenye matoleo mengi ya Android, usikilizaji wa matumizi madogo hufungua sikio takriban nusu sekunde katika kila sekunde 5. Ukitangaza mara moja kwa sekunde, nafasi ya tangazo moja kuangukia kwenye nusu sekunde hiyo ni moja kwa kumi, hivyo utasikika wastani wa mara moja kila sekunde 10. Ukitangaza kila milisekunde 250, utasikika kama mara mbili kila sikio linapofunguka. Mfumo wa Apple na Google wa mwaka 2020, ule wa kuwaarifu waliokaa karibu na mgonjwa wa COVID-19, ulipendekeza kutangaza kila milisekunde 200 hadi 270, na sababu ni hiyohiyo.

Nafasi ndani ya tangazo la kawaida ni baiti 31, na zinaisha haraka. Mfumo ule wa COVID-19 ulizitumia zote: baiti 3 za bendera, 4 za kutaja huduma, 4 za kichwa cha data, 16 za kitambulisho na 4 za maelezo kama nguvu ya kutangaza. Jumla 31 kamili. Waliweza kwa sababu walikuwa na namba fupi ya huduma, ya baiti 2, ambayo hutolewa na shirika la Bluetooth. Wewe huna. Namba yako ya huduma itakuwa ndefu, baiti 16, na ukiiweka na kichwa chake zinakuwa 18. Ongeza bendera 3, zinabaki baiti 10 tu za kitambulisho. Baiti 10 zinatosha, ila zipange tangu mwanzo.

Kitambulisho kisiwe kimoja siku zote, maana yeyote mwenye antena mlangoni ataweza kuhesabu unaingia na kutoka lini. Njia rahisi: chukua sekunde za Unix, yaani zilizopita tangu mwanzo wa 1970, gawanya kwa 900, chukua namba nzima, ipitishe kwenye HMAC-SHA256, hesabu ya usimbaji isiyorudishwa nyuma, pamoja na ufunguo wako wa siri, kisha kata baiti 10 za mwanzo. Kitambulisho kinabadilika kila dakika 15. Marafiki wana ufunguo wako, kwa hiyo simu zao zinakokotoa vitambulisho vyako vya kipindi kilichopita, cha sasa na kijacho, kwa kuwa saa za simu hazilingani daima. Mwenye marafiki 60 anakokotoa vitambulisho 180, kazi ya kufumba na kufumbua.

Mambo mawili huharibika hapa. La kwanza, anwani ya Bluetooth ya simu nayo hubadilika kila baada ya muda, lakini ikibadilika wakati tofauti na kitambulisho chako, msikilizaji anaviunganisha: anwani mpya yenye kitambulisho cha zamani ni wewe yuleyule. Simamisha tangazo na ulianzishe upya kila kitambulisho kinapobadilika. La pili, ukimwondoa mtu kwenye orodha ya marafiki bado ana ufunguo wako. Kumwondoa rafiki lazima kuzalishe ufunguo mpya na kuusambaza kwa waliobaki. Kufuta jina lake kwenye skrini hakumzuii kukusikia.

iPhone ina sheria zake. Programu haiwezi kuweka data yake kwenye tangazo. Inaruhusiwa jina na namba za huduma tu. Kwa hiyo anayeisikia lazima aunganishe na kusoma kitambulisho baada ya kuunganishwa. Programu ikiwa nyuma, yaani haiko kwenye skrini, jina linaondolewa na namba za huduma zinahamishiwa sehemu maalumu inayoonekana tu na vifaa vya Apple vinavyoitafuta namba hiyohiyo. Android haiioni kwa njia ya kawaida. Upande wa kusikiliza, programu iliyo nyuma lazima itaje namba ya huduma inayoitafuta, na matangazo yanayojirudia yanakusanywa kuwa tukio moja, kwa hiyo vipimo vya nguvu ya mawimbi vinakuwa vichache. iPhone mbili zilizofungwa, kila moja mfukoni, ndiyo hali ngumu kuliko zote.

Kama kundi lako hukutana mahali palepale, ofisini au ukumbini, weka ukutani kinara kidogo cha Bluetooth, yaani kifaa kinachotangaza namba yake muda wote. iOS, mfumo wa iPhone, huiamsha programu simu inapoingia eneo la kinara na kuipa takriban sekunde 10 za kufanya kazi. Simu zote mbili zikiripoti kinara kimoja, wako pamoja. Hazikuhitaji kusikiana zenyewe.

Android nayo: usianze na kusimamisha usikilizaji ovyo. Tangu Android 7, programu inayoanza kusikiliza zaidi ya mara 5 ndani ya sekunde 30 inanyamazishwa, na hakuna kosa linaloonekana. Matokeo yanakoma tu. Tangu 8.1, usikilizaji usio na kichujio unasimama skrini ikizimwa. Weka kichujio cha namba ya huduma. Nusu ya malalamiko ya "Bluetooth haifanyi kazi mfukoni" yanamalizwa na mstari huo mmoja.

Kutoka dBm hadi "mko pamoja"

Nguvu ya mawimbi inakuja kama namba hasi ya dBm, ikikaribia sifuri ina nguvu zaidi, na kila mwongozo unakupa fomula ya kuigeuza kuwa mita: kumi kwa kipeo cha (nguvu ya mita moja toa nguvu iliyopimwa) gawanya kwa (kumi mara n), n ikiwa ni kasi ya mawimbi kufifia. Ijaribu. Nguvu ya mita moja iwe -59, umepima -75, n iwe 2 kama mahali pa wazi. Unapata mita 6.3. Badilisha n iwe 3, kama ndani ya jengo lenye vizuizi, unapata mita 3.4. Sasa mweke rafiki mita 2 kutoka kwako mahali pa wazi, simu yake ikiwa mfuko wa nyuma. Mawimbi ya 2.4 GHz hunyonywa na maji, na mwili ni maji. Ukipungua desibeli 10 tu, unapima -75 hiyohiyo. Namba moja, majibu matatu. Kwa hiyo usimwonyeshe mtu mita zilizotokana na Bluetooth. Madaraja mawili yanatosha: pamoja, au la.

Vizuizi hupunguza mawimbi zaidi kuliko vinavyoyaongeza, na hilo linakuambia usitumie wastani. Kusanya vipimo vya sekunde 30, vipange, chukua wastani wa theluthi yenye nguvu zaidi. Kisha tumia vizingiti viwili. Kuingia "pamoja": vipindi vitatu kati ya vitano viwe juu ya -72. Kutoka: vipindi vyote viwe chini ya -85 kwa dakika 3, au kimya kabisa kwa dakika 3. Ukitumia kizingiti kimoja, watu wawili waliokaa meza moja "wataachana" na "kukutana" kila mmoja anapogeuka kitini, na arifa zitawamiminikia. Namba zangu ni za kuanzia. Aina za simu hutofautiana kwa desibeli kadhaa katika kutangaza na katika kupokea, kwa hiyo weka jedwali la marekebisho kwa kila aina mliyo nayo.

A akimsikia B lakini B hamsikii A, subiri. Hali ya kijamii iwe ya pande mbili: seva itangaze "pamoja" pale tu ripoti za wote wawili zinapoingiliana kwa muda. Hilo linamzuia pia mtu aliyerekodi kitambulisho chako na kukirudia mahali pengine, ingawa halimzuii mjanja anayepitisha mawimbi pande zote mbili. Kama kuna mlango utakaofunguka kwa sababu ya ukaribu huo, tumia kitu kigumu zaidi, mfano simu zenye UWB, redio ya masafa mapana, zinazopima umbali kwa sentimita.

Halafu kuna ukuta. Mawimbi yanapita ukuta wa mbao au jasi bila shida, na jirani wa chumba cha pili ataonekana mmekaa naye usiku kucha. Kulinganisha orodha ya vituo vya Wi-Fi vinavyoonekana na simu mbili husaidia, lakini tangu Android 9 programu zilizo nyuma zinapewa uchunguzi mmoja wa Wi-Fi kila dakika 30, tena wa kugawana, na iOS haitoi orodha hiyo kwa programu za kawaida. Kwa majengo ya ghorofa kuna kihisi cha kanieneo ya hewa. Kanieneo hupungua karibu hPa (hektopaskali) 0.12 kwa kila mita unayopanda, yaani kama 0.36 kwa ghorofa ya mita 3. Usilinganishe namba za simu mbili moja kwa moja, kwa sababu kila kihisi kina kasoro yake inayoweza kuzidi tofauti hiyo yote. Linganisha mabadiliko: tangu zilipokuwa meza moja, hii imepungua 0.4 na ile haijasogea, basi mmoja amepanda.

Mahali na mwendo

Hapa simu imeshafanya kazi kubwa, itumie. Chora duara kuzunguka mahali muhimu na mfumo utakuamsha mtu akiingia au kutoka. iOS inaruhusu maeneo 20 kwa programu, vinara vikiwemo, Android 100. Nusu kipenyo kisipungue mita 100 hadi 150, maana mahali panakadiriwa kwa Wi-Fi na minara, na duara la mita 30 litakuwa linawaka na kuzima. Taarifa huchelewa dakika 2 au 3, na simu iliyotulia mezani muda mrefu huchelewa zaidi. Kwa hiyo usiandike "amefika sasa hivi", andika "amefika". Kwenye Android omba tukio la kukaa, mfano dakika 5, badala ya la kuingia, la sivyo kila anayepita na basi mbele ya nyumba yako ameshakutembelea. Na kwenye Android maeneo yote hufutika simu ikizimwa na kuwashwa. Yasajili upya kila simu inapoamka.

Mwendo uchukue kwenye huduma ya mfumo: amekaa, anatembea, anakimbia, baiskeli, gari. Ukitaka kujifunza ndani kunakwendaje, seti mashuhuri ya data ya mwaka 2012 ilipimwa mara 50 kwa sekunde, ikakatwa vipande vya sekunde 2.56, vipimo 128 kila kipande, vikiingiliana nusu kwa nusu. Watu 30, simu imefungwa kiunoni. Kifungo hicho cha kiunoni ndicho kinachofanya modeli inayong'aa kwenye majaribio ianguke simu ikiwa ndani ya mkoba. Gari lililokwama kwenye foleni huonekana "amekaa", kwa hiyo usitoe hali ya gari mpaka mtu atembee au atulie zaidi ya dakika 10. Na simu haijui nani ameshika usukani. Kuandika "anaendesha" kwa abiria ni uongo mdogo, lakini rafiki akiamini kwamba huwezi kujibu, anaacha kupiga.

Mabadiliko ya mwendo yana matumizi mazuri kuliko kuyatangaza: kuchagua wakati wa arifa. Ujumbe usio wa haraka ushikilie mpaka mtu anapotoka hali moja kwenda nyingine, anaposimama kutoka kitini au anaposhuka garini. Anausoma, na hakuna rafiki aliyehitaji kujua alikuwa wapi.

Kuifikisha kwa watu

Upande wa seva ni mwepesi. Ukitumia MQTT, itifaki nyepesi ya kusambaza ujumbe kupitia seva, hali iwe ujumbe unaobakizwa, ili anayejiunga baadaye aikute. Toleo la 5 lina muda wa ujumbe kuisha, 3.1.1 halina, na hali itakaa pale mpaka mtu aifute. Wosia wa MQTT, ule ujumbe unaotumwa na seva mteja anapopotea, unatoka baada ya mara moja na nusu ya muda wa kujulisha uhai: ukiweka sekunde 60, ni sekunde 90. Usiutumie kusema "ameondoka". Mtu aliyeingia kwenye lifti hajaondoka. Simu zikilala muunganisho hukatika hata hivyo, kwa hiyo hali inayobadilika wakati mpokeaji amelala ipite kwenye huduma ya arifa ya mfumo wa simu. Wanaopenda XMPP, itifaki ya wazi ya kuchati, wana viendelezi tayari vya mahali na shughuli ya mtumiaji, na orodha ya marafiki imo ndani tangu mwanzo.

Urafiki wenyewe unaweza kupimwa kwa ukaribu, lakini kwa uangalifu. Mwaka 2004 na 2005 watafiti wa MIT waliwapa watu simu 100 za Nokia 6600 zilizochunguza Bluetooth kila dakika 5. Kilichowatenganisha marafiki na watu wa ofisi moja kilikuwa ukaribu wa nje ya kazi, jioni na mwisho wa wiki. Kukaa pamoja kwa saa 8 siku ya Jumatano kuna uzito mdogo kuliko kukaa kwa saa 2 Jumamosi usiku. Mfumo unaohesabu saa tu utakupendekezea meneja wako kuwa rafiki wa karibu.

Nani aone

Kosa la kawaida ni kuonyesha umbali ukidhani umeficha mahali. Mtu akiona uko kilomita 1.37, anatengeneza akaunti tatu, anajiweka sehemu tatu, na duara tatu zinakutana mlangoni kwako. Kukadiria umbali kwa kilomita nzima hakusaidii: anasogeza akaunti polepole mpaka namba inapogeuka kutoka 1 kwenda 2, hapo amepata mpaka halisi, na mipaka mitatu inatosha. Kuongeza makosa ya nasibu kila unapoulizwa nako hakusaidii. Kosa la mita 500, akiuliza mara 100 na kuchukua wastani, linabaki kama mita 50.

Kinachofanya kazi ni kubandika mahali kwenye mraba kwanza, kisha kupima umbali kutoka katikati ya mraba. Geohash ni msimbo wa herufi unaotaja mraba wa ramani: wa herufi 5 ni mraba wa kama kilomita 4.9 kila upande. Ya herufi 6 ni kilomita 1.2 kwa 0.6; ya herufi 7 ni mita 153, ambayo ni mahali kamili kwa maana yoyote ya maana. Chagua urefu kwa kila kundi: familia 7, marafiki 6, wengine 5 au hakuna. Mtu anayeishi mpakani mwa miraba miwili atarukaruka, na kurukaruka huko kunafichua yuko mpakani. Mshikilie kwenye mraba wa kwanza mpaka atoke kwa umbali wa kutosha, mfano robo ya upana wake.

Kuondoa majina si kinga. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 wa mienendo ya watu milioni 1.5 kwa miezi 15, kwa kipimo cha saa na mnara wa simu, ulionyesha kwamba nukta 4 za mahali na wakati zilitosha kumtenga mtu mmoja katika asilimia 95 ya kesi. Ramani ya joto ya Strava, programu ya kurekodi mazoezi, iliyotoka Novemba 2017, haikuwa na jina hata moja. Januari 2018 watu wakagundua njia za mazoezi za kambi za kijeshi ziking'aa jangwani, kwa sababu pale hapakuwa na mtu mwingine wa kujichanganya naye. Ukijumlisha data ya kundi, usionyeshe mraba wowote wenye watu pungufu ya idadi uliyoiweka, na uwahesabu watu, usihesabu safari.

Kuna hila moja ambayo waundaji wengi hawaioni: alama ya "ameficha". Mtu ambaye hali yake huonekana kila siku, na Ijumaa jioni ikaandikwa "ameficha", ameshasema mengi. Simu iliyozimika, mtandao uliokatika, uhakika mdogo na kuficha kwa makusudi vyote vionekane sawa kabisa: "haijulikani". Hata muda wa mwisho kuonekana usitofautiane. Ndiyo maana nilisema hali ziwe zinaisha zenyewe; kuficha ni kuacha kurefusha, na hakuna ujumbe wa ziada unaotoka.

Na "A yuko na B" ni habari ya watu wawili. Ruhusa ya A haitoshi. Hadhira ya hali hiyo iwe watu waliomo kwenye orodha ya A na ya B kwa pamoja, na mmoja akizima, inatoweka kwa wote. Hilo litakupunguzia mambo ya kuonyesha kwenye ukurasa wa mbele, kubali.

Kupima kabla ya kuwapa watu

Tafuta simu nne, angalau mbili za mfumo mmoja na mbili za mwingine. Weka alama sakafuni mita 1, 2, 4 na 8. Kwa kila umbali pima dakika 5 simu ikiwa mezani, mkononi, mfuko wa mbele, mfuko wa nyuma na ndani ya begi, kisha rudia na ukuta katikati. Skrini ziwe zimezimwa muda wote. Vipimo vya skrini iliyowaka vitakudanganya. Weka kitufe kimoja cha "tuko pamoja kweli" ambacho wajaribu wanabonyeza wanapokutana na wanapoachana, halafu hesabu makosa ya aina mbili mbalimbali: mara ngapi mfumo ulisema pamoja wakati si kweli, na mara ngapi ulikosa. La kwanza likizidi, pandisha kizingiti cha kuingia kwa desibeli 3 na upime tena kabla ya kugusa kitu kingine. La pili likizidi kwenye jozi za iPhone pekee, vizingiti havina hatia; nenda kaweke kinara.

Betri ipime usiku. Simu mbili za aina moja na betri zenye afya inayolingana, moja ina programu na nyingine haina, saa 8 bila kuguswa. Tofauti ikizidi asilimia 5, angalia kwanza kama usikilizaji ulibaki kwenye hali ya kasi baada ya majaribio, kisha kama kuna ombi la GPS ambalo halikufungwa. Halafu acha simu ya Android ya mtengenezaji mwenye kihifadhi betri kikali siku mbili bila kufungua programu, na uangalie saa ambayo hali ya mwisho ilitumwa. Kama ilikatika usiku wa kwanza, mwongozo wako wa kuanzia unahitaji ukurasa unaomwonyesha mtumiaji, kwa picha za simu yake hasa, mahali pa kuiruhusu programu iendelee ikiwa nyuma.